Tathmini ya betri ya kubebeka: mwanga bila moshi umeme unapokatika

Umeme unapokatika usiku, hatari kubwa nyumbani haitokani na giza bali na vitu tunavyowasha ili kuliondoa: mshumaa uliosimamishwa karibu na pazia, kibatari mahali anapofika mtoto, au jenereta iliyoingizwa ndani kwa kuhofia mvua na wezi. Kwa hiyo betri hii ya kubebeka, yenye wati-saa 512 na inayotoa hadi wati 500, nimeipima kwa swali moja tu, yaani kama inaweza kuvifanya vitu hivyo visihitajike.

Kwa upande wa mwanga inaweza kabisa. Hata hivyo, inverta iliyo ndani yake, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi ya ukutani, hula chaji hata kama hakuna kilichochomekwa, hivyo ni afadhali kutumia taa ndogo za USB na kuzima kabisa upande wa soketi, jambo ambalo kijitabu cha maelekezo kilipaswa kulieleza waziwazi.

Sifa ninayoithamini kuliko zote ni kwamba haitoi moshi. Jenereta ya petroli hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaweza kumuua mtu usingizini bila yeye kuhisi lolote, na jiko la mkaa likiwekwa ndani huleta sumu ileile. Kufungua madirisha hakutoshi. Jenereta inatakiwa kuwa nje, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha. Betri hii inaweza kukaa chumbani alimolala mtoto mchanga, mradi isifunikwe nguo na isiwekwe karibu na jiko.

Kwa friji sikuridhika, kwa sababu mota yake huvuta umeme mwingi ghafla inapoanza na betri hujizima. Lakini friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4, na friza iliyojaa kwa takriban saa 48, kwa hiyo kasoro hiyo si kubwa kama inavyoonekana. Birika na pasi havifai kabisa.

Wapo wanaotengeneza waya wenye plagi pande zote mbili ili kuingiza umeme wa betri au jenereta katika soketi ya ukutani. Tafadhali, jambo hilo lisifanyike, kwa kuwa umeme huo unaweza kurudi kwenye nguzo na kumuua fundi anayetengeneza laini akiamini kwamba imezimwa.

Kwa taa, simu na intaneti, naipendekeza kwa moyo wote. Nyumba yenye mgonjwa anayetegemea mashine ya oksijeni isiitegemee, kwani mashine inayotumia wati 300 au zaidi huimaliza chaji kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Familia hiyo inahitaji betri kubwa zaidi, pamoja na mtungi wa akiba waliokubaliana na daktari.