ThinkPad au Framework: uhamie wapi ukichoshwa na huduma mbovu?

Kampuni ya kompyuta yangu ya zamani ilinizungusha mno: kila nikipiga simu, mhudumu mpya, maelezo naanza upya. Kwa hiyo swali langu kuu sasa ni moja: ikiharibika, naweza kuitengeneza bila wao?

ThinkPad, aina ya laptopu ambayo Lenovo iliinunua kutoka IBM mwaka 2005, ina miongozo ya ukarabati iliyo wazi kwa yeyote. Mafundi wengi wanaijua, na vipuri vilivyotumika vipo tele. Ila kagua modeli, baadhi zina RAM (kumbukumbu ya kompyuta) iliyochomelewa kwenye ubao mama, hivyo si rahisi kuibadilisha.

Framework, iliyoanza kuuza laptopu mwaka 2021, inakuwekea hadi bisibisi kwenye boksi. Betri, skrini, kibodi, hata ubao mama unabadilisha mwenyewe! Ni ghali, na haiuzwi kila nchi. Inapofika, ningechukua hii.