Kabambe kwa mtoto wa gredi ya 9: inafaa, lakini jua unanunua nini

Wacha nianze na jibu ndio mwenye haraka aende zake. Kabambe, yani simu ndogo ya vibonye, ya shilingi elfu moja mia nane, inamfaa mtoto wa gredi ya 9 kama shida yako ni usingizi. Kama shida yako ni vitu anaamini kuhusu mwili wake, na wavulana, na venye anafaa kukaa, hiyo simu haitakusaidia, itakuongezea kazi. Hiyo kazi ndio nataka kuongea juu yake sana, lakini kwanza simu yenyewe.

Nilinunua Luthuli Avenue hapa Nairobi, kwa yale majengo ya ngazi penye duka moja limegawanywa vibanda saba na kila mtu anakuita kastoma. Jina la kampuni naliweka kando juu kuna kitu imenifanyia nitasema hapo chini. Kijana wa duka alikuwa ananitolea za tachi tu, moja baada ya ingine, mpaka akaamini niko siriazi. "Mathe, huyu mtoto atakuchukia." Nikamwambia huyu nimemzaa mwenyewe, kuchukiana tutamalizana nyumbani. Akacheka akanishusha kutoka elfu mbili na mia mbili.

Unapata laini mbili, tochi, redio, nafasi ya memori kadi, na kamera ambayo picha yake inakaa ni kama ilipigwa ndani ya jikoni ya kuni. Betri hapo siwezi danganya, iko juu. Unachaji Jumapili jioni na Alhamisi bado inasukuma. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho changu juu yeye hajafika miaka 18, na M-Pesa nimeacha kwangu. Sauti ya kupiga ni safi, ata ndani ya matatu za Umoja zenye muziki unasikia kwa mbavu, namsikia akisema ameshuka.

Sasa mbona kabambe na mtoto alikuwa na smatifoni yake? Alikuwa nayo, ile yangu ya zamani, na alikuwa anaingia nayo ndani ya blanketi kutazama TikTok mpaka saa sita usiku. Wengine watauliza si ungeweka tu masharti kwa hiyo programu. Tangu 2023 TikTok imewawekea wenye chini ya miaka 18 kikomo cha dakika 60 kwa siku, na kikifika mtoto anaulizwa namba ya siri ndio aendelee. Mahali pa kwanza, hiyo namba anaiweka mwenyewe kama mzazi hajaunganisha akaunti yake na ya mtoto. Mahali pa pili, kikomo kinafuata umri wenye mtoto aliandika akijisajili, na wangu kwa hiyo akaunti alikuwa na miaka 22, ananikaribia. Kwa hivyo hakuna kikomo kilikuwa kinamhusu. Australia wameamua kukata kabisa, tangu Desemba 2025 kampuni za mitandao ya kijamii haziruhusiwi kumpa mtoto wa chini ya miaka 16 akaunti. Sisi huku ni wewe na mtoto wako na Luthuli.

Mabadiliko ya kwanza yalionekana haraka. Hasira za asubuhi zilipungua, ile ya kujibiwa "sijui" kwa kila kitu. Akaanza kula kitu kabla atoke. Mimi si daktari lakini hesabu ya usingizi ni rahisi: wataalamu wa usingizi wa Marekani wanasema wa miaka 13 hadi 18 anahitaji masaa 8 hadi 10. Wangu alikuwa anapata manne na nusu, unategemea nini.

Lakini ngoja. Saa hii analala saa nne kasoro robo, taa imezimwa, simu iko kwa meza ya sebule na hana haja nayo. Na anaamka saa kumi na nusu usiku juu basi la shule linapita steji saa kumi na moja na dakika kumi. Piga hesabu, ata saa saba hazifiki! Na hapo hakuna TikTok ya kulaumu. Kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinasema masomo ya shule ya kutwa yaanze saa mbili asubuhi yaishe saa tisa na nusu, na hiyo nimeisoma mwenyewe, lakini basi linazungusha watoto estate tatu kwanza ndio lifike, alafu kuna kitu wanaita "maandalizi ya asubuhi" ambayo sijaona kwa kanuni yoyote. Kuna jambo lingine wazazi wengi hatuambiwangi: mtoto akiingia balehe, ile homoni ya usingizi, melatonini, inaanza kutoka kwa kuchelewa usiku. Si ujeuri. Mwili wake unamwambia bado mapema wakati wewe unamwambia alale, alafu shule inamuamsha kabla mwili umalize. Mkutano wa wazazi uliopita kila mtu alisimama kulalamika kuhusu simu, simu, simu, walimu wakipiga makofi. Nilipouliza kuhusu saa ya basi nikaambiwa hiyo itaangaliwa. Bado inaangaliwa mpaka leo.

Kwa hivyo kwa usingizi kabambe inapata alama nzuri, lakini imerudisha ile nusu yenye simu ilikuwa imechukua. Ile nusu ingine iko na shule.

Shule tena. Mwalimu anatuma kazi kwa grupu la WhatsApp la wazazi, faili, saa mbili usiku, na mara ingine kuna video ya kutazama. Mtoto wa kabambe anafanyaje? Anachukua simu yangu. Yani nimemnyang'anya simu moja ndio nimpe ingine yenye iko na mambo yangu yote ndani, jumbe za chama, picha za mashemeji, na usiku ndio mimi pia nataka kukaa na simu yangu. Tumepanga saa moja, mezani, mimi nikipika. Inafanya kazi lakini ukiwa na watoto watatu sijui. Na kuna wazazi hawana bando kila siku, hao hii mambo ya faili za usiku inawamaliza, iwe mtoto ako na kabambe ama hana. Mnakumbuka Machi 2020 shule zikifungwa, KICD, wale wa mtaala wa shule, walirusha masomo kwa redio za KBC, shirika la utangazaji la taifa, na kabambe ilikuwa darasa kwa nyumba nyingi. Sasa tumerudi pale pale penye mtoto wa simu ndogo anaonekana kama hayuko.

Na marafiki. Hii niliichukulia rahisi mwanzo lakini si rahisi. Darasa lao liko na grupu lao wenyewe, utani wote uko huko, mipango yote iko huko, na yeye anafika asubuhi wengine wanacheka kitu kilitokea jana usiku kwa simu. Wanaiita simu yake "ya shosho". Kuna bathdei aliikosa juu ilihamishwa siku na ujumbe ulikuwa kwa grupu. Alilia. Huwezi niambia hiyo si afya pia. Mkuu wa afya ya umma wa Marekani alitoa onyo Mei 2023 kuwa watoto wanaopita masaa 3 kwa siku kwa mitandao ya kijamii wako na hatari mara mbili ya dalili za huzuni na wasiwasi, na kila mzazi alishika hiyo. Lakini onyo hilo hilo linasema kuna watoto wanapata huko watu wa kuwasikiza, na kwamba utafiti mwingi unaonyesha tu vitu viwili vinaenda pamoja, hauthibitishi kimoja kinaleta kingine. Hiyo nusu ya pili haisambazwangi.

Sasa ile kazi nilisema. Ukimtoa mtoto kwa TikTok hujatoa maswali, umetoa tu mahali alikuwa anauliza. Na huko alikuwa anajibiwa na kila aina ya watu. Niliangalia vitu alikuwa anatazama kabla sijachukua simu: chai ya kukata tumbo kwa wiki mbili (mtoto wa kilo 46!), krimu za "kung'arisha", dada mmoja anafundisha jinsi ya kuruka chakula cha mchana. Lakini pia kulikuwa na daktari, mwanamke, anaeleza maumivu ya hedhi vizuri kuliko venye mimi nilielezwa na mtu yeyote, kuwa maumivu ya kukuangusha darasani kila mwezi si kitu cha kuvumilia, uende uangaliwe. Hiyo nilimkatia pia. Vyote vilikuwa kwa bomba moja.

Kwa kabambe bomba limebaki redio. Na redio ya asubuhi Nairobi mnaijua, ni ndoa za watu na matusi kidogo na matangazo. Jioni moja nakata sukuma, ako hapo kwa mlango, ananiuliza, "Mum, ni ukweli mtu akimeza P2 hawezi pata mtoto tena?" P2 ni zile tembe za dharura za kuzuia mimba, na walikuwa wanabishana kwa basi juu ya kitu redio ilisema, dereva akiwa upande mmoja na wanafunzi wa gredi ya 9 upande mwingine. Kisu kilisimama. Nikafikiria kwanza mbona anauliza, na hapo ndio wengi tunaharibu, juu tunajibu mbona na tunaacha swali. Nikamjibu swali. Kwamba hapana, Shirika la Afya Duniani linasema hizo tembe za dharura haziharibu uzazi wa baadaye, kwamba ni za dharura kama jina lake si za kila wikendi, kwamba zinafanya vizuri zaidi zikimezwa mapema, na hazizuii HIV wala ugonjwa wowote wa zinaa. Alafu ndio tukaongea zile zingine, taratibu, mpaka sukuma ikakaribia kuungua. Baba yake aliingia akatoka.

Hii si mambo ya mtoto wangu pekee. Uchunguzi wa taifa wa afya wa 2022 ulionyesha asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 hapa Kenya wameshawahi kupata mimba, kutoka 18 mwaka wa 2014. Imeshuka sawa, lakini angalia darasa la wasichana ishirini ufikirie tena. Kenya iliweka sahihi mwaka wa 2013 pamoja na nchi za mashariki na kusini mwa Afrika kuwa vijana watafundishwa kuhusu miili yao kikamilifu, na tangu hapo ni kubishana, kanisa huku, wizara kule, wazazi kati. Kwa kitabu cha sayansi cha wangu mfumo wa uzazi uko, umechorwa vizuri na mishale. Mtoto anaweza kutaja kila sehemu kwa mshale na bado akaamini dereva wa basi kuhusu P2.

Kuna kitu kimoja kabambe imenisaidia kwa hiyo na nilikiweka mwenyewe siku ya kwanza: ukibonyeza 2 kwa muda inapiga 116. Hiyo ni laini ya watoto, Childline, bure, mchana na usiku, haitaki kredo wala bando. Nikamwambia kuna vitu hutataka kuniambia mimi, na ni sawa, huko kuna mtu. Kwa 3 kuna 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni ya bure pia, kwa siku mtu amelemewa. Hajaniambia kama amewahi piga na sijamuuliza.

Mabaya ya simu yenyewe sasa. Kibonye cha 5 kilianza kukwama kabla ata stika ya skrini itoke, na duka likaniambia waranti haishiki vibonye (sasa kabambe bila vibonye ni nini?). Redio haishiki vizuri bila waya wa masikioni. Na hiyo nafasi ya memori kadi msiidharau, mjini kadi zinauzwa zikiwa zimejazwa tayari na huwezi jua kila kitu kilicho ndani. Yangu nilinunua tupu nikaweka nyimbo na yeye, alinichagulia moja ambayo sitaki kuizungumzia.

Nani anunue? Mwenye mtoto halali. Mwenye mtoto anatembea mbali na anataka kupatikana. Kama huna saa moja jioni ya kukaa na yeye ukijibu maswali yenye yatakufanya ushike kisu hewani, afadhali umwachie smatifoni, ifungwe saa mbili usiku na ilale chumbani kwako, na muunganishe akaunti na umri wa ukweli. Wangu anarudi kwa smatifoni Januari akiingia gredi ya 10, kama shule atakayopelekwa itakuwa ya kutwa. Tumeshaanza kubishania saa ya kuifunga, yeye anasema saa tano, mimi saa tatu.

Ukienda Luthuli usilipe kabla ujaribu kila kibonye, uwashe redio hapo hapo bila waya, na uulize kama iko na intaneti, juu kuna kabambe za 4G siku hizi ziko na YouTube ndani na kutoka nje huwezi tofautisha. Bei usikubali ya kwanza.