Hori ya Mida, Watamu: fuata mwezi, si wikendi

Daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko ya Mida lina urefu wa mita 260 hivi, na mwisho wake kuna kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio chake huchangia karo za wanafunzi wa sekondari kupitia ASSETS, mpango wa ufadhili wa masomo wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Tatizo ni kwamba wageni huuziwa matembezi saa yoyote. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege huwa mbali, wadogo kama punje za mtama. Yakijaa, tope limefunikwa nao wamehama.

Fika saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, maji yanapopanda yakiwasogeza ndege hadi mbele ya kibanda. Siku za bamvua (maji makubwa), mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani hii hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni. Basi saa nane mchana uwe umeshakaa. Daraja liko upande wa magharibi wa hori, hivyo jua la alasiri huwa mgongoni. Ukitumia jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, ongeza muda: mlango wa hori ni mwembamba na maji huchelewa kuingia ndani. Siku za maji mafu, maji yanapopanda na kushuka kidogo tu, zinapoteza safari.

Msimu ni Septemba hadi Aprili. Anayewaleta watu hapa ni Dromas ardeola, ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huzaliana Oman na Ghuba, akitaga kwenye mashimo anayochimba mchangani. Vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, ndio mtihani kuwatambua. Mwenye mdomo uliopinda juu na miguu ya rangi ya chungwa, akikimbia ovyo, ni kitwitwi wa Terek (Terek sandpiper). Wale wa mchangani wawili wanaofanana (sand plover mkubwa na mdogo), linganisha mdomo: mkubwa wao ana mdomo mrefu na mnene, na miguu yake ina ukijani.

Darubini ya mkono ya 8x42 yatosha kwa kuanzia. Ile ya miguu mitatu itumie kwenye ukuzaji wa 30. Ukipandisha hadi 60, joto linalopanda juu ya tope huifanya picha icheze. Daraja nalo hutikisika mtu akipita, kwa hiyo usiisimamishe njiani, ngoja kibandani. Mbao huliwa na chumvi, ziangalie kabla ya kukanyaga.

Kutembea topeni ni jambo jingine. Vaa viatu vya kufunga kamba. Ndala hunaswa, mizizi ya mchu (aina ya mkoko) huchoma nyayo na chaza walioshika mizizi ya mkoko hukata. Chukua mwenyeji. Maji hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, wakati pale uliposimama bado pakavu, hivyo mfereji ukianza kutiririka kuelekea ndani, geuka.

Wenye gari la kulala ndani wasiegeshe kwenye uwanda mweupe wa chumvi kando ya mikoko. Unaonekana mgumu, lakini bamvua huufikia usiku na magurudumu huzama. Panda juu penye majani. Kwenye mchanga punguza upepo wa matairi hadi psi 18, na ukitoka osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi.

Usiondoke kabla ya magharibi: keremkerem wekundu huja kulala mikokoni makundi kwa makundi.