Mume amefilisika: ulimdhamini au hukumdhamini?

Biashara ya mitumba ya mumeo katika soko la Gikomba, Nairobi, imeanguka na mahakama imemtangaza muflisi. Kama hukutia sahihi popote, deni ni lake. Mshahara wako hauguswi, wala jina lako halipelekwi CRB, shirika linaloweka rekodi za wanaolipa na wasiolipa mikopo, kwa mkopo wake. Penye utata ni nyumba: kama hati ina majina yenu wawili, wadai wataulizia fungu lake.

Ukiwa mdhamini, mambo ni mengine kabisa. Kufilisika kwake hakukutoi wewe kwenye deni. Benki au sacco itakugeukia, na ukishindwa kulipa unaorodheshwa CRB. Hapo hata kazi inaguswa, kwani waajiri wengi Nairobi, serikali hasa, hudai cheti cha CRB cha kuonyesha hujashindwa kulipa mkopo. Mimi ningedhamini karo ya mtoto. Mtaji wa mitumba, hapana.