Process Monitor: nilivyomjua anayezalisha shotikati kwenye flashi za wateja wangu

Nina stesheneri, kazi kubwa ni kuprinti na kutoa kopi, sasa kama miezi miwili hivi kila flashi ikichomekwa kwenye mashine yangu folda zinapotea zinabaki shotikati za KB 1, na ukibofya zinafunguka vizuri tu ndo maana mwanzoni sikushtuka. Mpaka dada mmoja wa chuo akarudi analia, ripoti ya fildi haionekani na kesho yake anatakiwa kukusanya. Iliniuma sana, flashi ilikuja nzima, ugonjwa kaupatia kwangu. Nikamwomba aniachie.

Fundi wa kwanza alishanifomatia flashi yangu, wa pili akaweka antivairasi, zikarudi vilevile. Usiku ule nikasema leo lazima nijue nani anaziandika. Nikashusha Process Monitor ya Sysinternals (iko chini ya Microsoft tangu 2006), programu inayoonyesha kila programu kwenye kompyuta inagusa faili gani, ni ya bure, haina kuinstoli, unaifungua kama administreta basi. Aisee ukiiwasha mistari inamwagika, dakika moja tu ni malaki, usiogope, kila kitu ni filta. Nikaiambia inionyeshe njia zinazoanza na E:\ tu, yaani herufi ya flashi, nikachomeka flashi nyingine yenye folda moja ya kujaribia.

Jina likajirudia lile lile, wscript.exe. Hiyo ni ya Windows yenyewe, inaendesha skripti (faili la maagizo kwa kompyuta), kwa hiyo usiifute, cha kutafuta ni nani anaituma. Nikabofya mstari mara mbili, kwenye kipengele cha Process nikasoma command line, yaani amri iliyoiwasha, kumbe kuna faili la .vbs, skripti yenyewe, limejificha ndani ya AppData, folda ya Windows ambayo kwa kawaida haionekani! Nikaizima wscript kwenye Task Manager, nikafuta hilo faili, halafu kwa Autoruns, ya hao hao Sysinternals, inayoorodhesha vinavyojiwasha vyenyewe, nikatoa mstari uliokuwa unaliamsha kila kompyuta ikiwaka. Flashi ya yule dada nikafuta shotikati na skripti iliyokuwemo, nikaandika kwenye Command Prompt (dirisha la kuandika amri) attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na folda zake zote zikatokea, zilikuwa zimefichwa tu. Nikampigia saa nne usiku, hakuamini.

Angalizo, Process Monitor haiui virusi, inakuonyesha tu mhusika, na ukiisahau inaendelea kurekodi inamaliza RAM, bonyeza Ctrl+E kuisimamisha au washa Drop Filtered Events isitunze mistari iliyo nje ya filta. Mimi nawapa nyota 5.