Mbao za fremu za madirisha: ipi ununue, na uikague vipi kabla ya kulipa

Dirisha langu la kwanza nililitengeneza kwa mninga. Muuzaji aliapa kuwa ni mkavu, nami nikamwamini kwa kuwa mninga ni mninga. Haikupita miezi miwili mwimo mmoja, yaani ubao wa wima wa fremu, ukajisokota: shata likawa linabana juu, na chini limeacha mwanya wa kupitisha kidole. Tangu hapo nasema hivi: paini kavu inaushinda mninga mbichi. Mpangilio ufuatao ni wa mbao kavu tu.

Wa kwanza ni mninga. Hausinyai sana unapokauka, randa inateleza juu yake, na kiini chake mchwa hawakipendi. Ule weupe wa pembeni ukatae, maana ndiko wadudu huanzia. Unatoka misitu ya asili, kwa hiyo dai risiti na uangalie kama mbao zina alama ya nyundo ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Wa pili ni mtiki, na kama nyumba iko karibu na bahari ningeupandisha juu ya mninga kwa sababu ya mafuta yake ya asili. Unapandwa Longuza kule Muheza, na Mtibwa, Morogoro. Tahadhari moja: miti iliyovunwa ikiwa michanga huwa na weupe mwingi, na mbao zake hukatwa karibu na moyo wa mti, sehemu inayopinda na kupasuka kuliko zote.

Mvule nauweka wa tatu. Ni imara, ila nyuzi zake hupishana, randa ikipita inang'oa. Mara nyingine ndani mna jiwe jeupe gumu linaloua meno ya msumeno. Vumbi lake linawasha, kwa hiyo funga pua. Mkongo ukiupata mkavu usiuache, mradi una misumeno mizuri.

Mwenye bajeti ndogo achukue paini iliyotiwa dawa. Ya shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, imejaa sokoni. Chagua isiyo na vifundo vikubwa, na kila unapokata paka dawa upya, kwa sababu ndani kabisa mara nyingi dawa haikufika. Vipande vyenye rangi ya kijani usivipeleke jikoni kuwa kuni; moshi wake ni sumu. Mkaratusi uachie nguzo. Kwa fremu utakupasukia na kukupindia.

Sasa ukaguzi, na hapa usione haya kumchosha muuzaji. Nenda na tepu, kwani mbili kwa sita ya dukani aghalabu haifiki. Shika ncha moja ya mbao, fumba jicho moja, uchungulie ukingo mpaka mwisho kama anayelenga shabaha. Geuza, rudia kwa pande zote nne. Kisha ilaze juu ya magogo mawili yaliyo sawasawa na ubonyeze pembe moja: ikicheza, imejisokota. Hiyo irudishe, hata ukipunguziwa bei. Upinde mdogo randa inauondoa, lakini msokoto utakula nusu ya unene kabla haujaisha. Tazama pia kichwa cha mbao: kama mle mna kitovu cha miduara ya ukuaji wa mti, iache. Miduara iliyosimama wima kuelekea upana wa mbao ndiyo inayotulia. Ukavu upime kwa kulinganisha: inua mbao mbili za aina na ukubwa mmoja, uchukue iliyo nyepesi.

Nunua moja ya ziada. Nyumbani zipange kivulini, kila safu itenganishwe na vijiti, uweke uzito juu, usubiri wiki tatu kabla ya kukata. Itakayopinda katika wiki hizo usiitupe, itoe vipande vifupi. Mbao ya futi 12 yenye upinde wa inchi 1, ukiikata vipande vinne vya futi 3, kila kipande hubaki na upinde wa kama 1/16 ya inchi, na huo randa inaumaliza kwa mapito machache.