TAHADHARI: TV za "inchi 55, 4K" zinazouzwa na madalali katikati ya Kampala

Ndugu zangu mlioko Kampala, na nyinyi mnaoshuka mjini kutoka Arua, Jinja au Busia kununua vitu vya nyumbani, someni hili kabla hamjatoa hela.

Wiki tatu zilizopita tulichanga mimi na ndugu zangu wanne tumnunulie mama TV. Macho yake yamepungua nguvu, na darsa anazofuata YouTube alikuwa anazitazama kwenye simu ndogo aliyoishika karibu na pua. Tulitaka nyembamba ya kutundika ukutani, inchi 55, 4K (yaani kioo chenye vitone 3840 kwa upana na 2160 kwa urefu, picha iwe safi), inayoingia intaneti yenyewe. Nikashuka Old Taxi Park nikapanda kuelekea William Street. Kabla sijaingia duka la pili akanidaka dalali, hawa Waganda wanawaita bakayungirizi. "Haji, TV? Twende juu, kuna bei ya jumla."

Akanipandisha ghorofa ya tatu ya akedi moja, jengo la maduka mengi. Iliyokuwa inawaka pale ilikuwa nzuri kweli: maua, samaki wa baharini, rangi zinameremeta. Bei milioni moja na laki tatu, karibu laki tano chini ya niliyotajiwa kwenye duka la kwanza la barabarani. Nililipa kwa simu kwenye namba ya mtu binafsi, na jina lililotokea halikuwa la duka. Kisha wakaniletea yangu kutoka stoo, si ile niliyoitazama. Boksi lina gundi mpya. Wakaiwasha dakika mbili, wakafungua mipangilio wakanionyesha kwa kidole: 3840 × 2160, RAM GB 2. Nikaridhika nikaita boda.

Hayo maandishi ya mipangilio ndiyo yaliyonifanya niandike leo. Karibu kila anayekushauri kuhusu TV atakwambia uingie mipangilio uhakikishe mwenyewe. Kwenye TV bandia ushauri huo haufai kitu. Aliyeitengeneza ameandika humo alichotaka, na TV inajisemea uongo mbele ya macho yako.

Nyumbani Kibuli, herufi za maelezo ya YouTube zilikuwa na kingo zilizochanika. Mama, maskini, alidhani ni macho yake. Nikamwita fundi jirani. Hakugusa hata rimoti. Alichukua futi akapima kioo kutoka pembe hadi pembe, bila fremu. Sentimita 127. Hiyo ni inchi 50. Inchi 55 ni karibu sentimita 140. Halafu akaweka rula ya mwanafunzi juu ya kioo cheupe, akasogeza kamera ya simu karibu sana, tukahesabu vitone vya picha, yaani pikseli, vilivyopangwa kwa upana ndani ya sentimita moja. Vilikuwa 17. TV ya inchi 50 ambayo ni 4K kweli ingekuwa na vitone kama 35. Ya inchi 55 kama 31. Kwa hiyo mama alikuwa ameuziwa 1920 × 1080, pikseli milioni 2 badala ya milioni 8 na zaidi. Rula haiwezi kubadilishiwa programu, ndugu zangu. Nendeni nayo dukani, na mpime ile ile mtakayobeba.

Kama una laptopu nayo ibebe. Iunganishe kwa waya wa HDMI, weka 3840 × 2160 na ukuzaji asilimia 100, kisha fungua ukurasa wenye maandishi madogo. Kwenye 4K ya kweli herufi zinakuwa ndogo mno lakini safi. Kwenye bandia zinavunjika. Msikubali kupimiwa kwa video iliyomo kwenye flashi yao. Zile video za maua zimetengenezwa ziipendezeshe skrini yoyote ukiwa umesimama mbali.

Kuna jambo lingine linaloniumiza zaidi ya vitone. Programu ya TV ile ni Android isiyo na kibali cha Google. Kwenye TV halali ya mfumo huo unaingia Play Store, kwenye mipangilio yake, unakuta imeandikwa kwamba kifaa kimethibitishwa na Play Protect, ulinzi wa Google. Yetu haina hata Play Store ya kweli. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, programu haribifu inayopatikana kwenye vifaa vya Android vya bei rahisi, vikiwemo vile visanduku vya kuunganisha kwenye TV, vingine vikiwa vimeambukizwa tangu kabla ya kuuzwa, kisha inatumia intaneti ya nyumbani kwako kwa uhalifu. Sisemi yetu imeambukizwa. Lakini nimeitoa kwenye Wi-Fi, na nenosiri la akaunti ya mama tumelibadilisha.

Nilirudi. Dalali simu imezimwa. Dukani wakasema hawanijui, wakanionyesha maandishi kwenye karatasi yangu: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo yasiwatishe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa kwayo. Tatizo langu ni ushahidi, kwa sababu karatasi imeandikwa kwa mkono "TV 1" na basi. Daini risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, mamlaka ya kodi, yenye msimbo wa QR, na ndani yake yaandikwe inchi, modeli na 4K. Muuzaji akikataa kuandika alichokitamka kwa mdomo, ondoka. Na malipo yaende kwa jina la biashara.

Nimeshaandikisha kesi polisi, na malalamiko nimeyapeleka UNBS, shirika la viwango, pamoja na picha za boksi na za rula. Duka silitaji hapa kwa kuwa kesi iko mezani. Kama nawe ulipandishwa ghorofa ya tatu na dalali maeneo hayo ukauziwa TV ya namna hii, pima kioo chako leo, piga picha ya stika ya nyuma na ya karatasi uliyopewa, kisha niandikie inboksi tupeleke pamoja. Mpaka sasa tumekuwa watatu.